HEWA ILIYOFUNGWA SI «HEWA TU»

Somo la usalama nyumbani: namna ya kutafuta tundu katika klimatizeri ya motokari



Mara nyingi ukurasa huu unawakumbusha kofia ngumu, viatu vya kazi na maji safi ya kunywa. Leo tunatoka machimboni na kuingia lupangoni, siku ya Jumapili, wakati baba amefungua boneti ya motokari yake na watoto wamemzunguka kutazama. Hapo hakuna msimamizi wa usalama wala kibao cha hatari. Ndiyo sababu somo hili ni la jamaa nzima.

JUMAPILI MOJA MTAANI MANGOBO

Miaka michache iliyopita waliniletea mtoto wa miaka 12, amepakiwa nyuma ya toleka, uso umefungwa kitambaa chenye damu. Shemeji yake alikuja mbio nyuma ya baiskeli, mikono bado ina povu la sabuni. Huyo shemeji ni shofere, mtu wa akili, anayeheshimiwa kazini. Alikuwa na motokari yake ya zamani ambayo klimatizeri yake haikutoa tena baridi. Aliondoa kondensa, kile chombo cha mabomba membamba kinachokaa mbele ya radiateri, ili atafute mahali kinapovuja. Kwa jirani fundi wa kuchomea vyuma aliazima chupa. Upande mmja wa kondensa alifunga mpira wa chupa. Upande wa pili alikaza kigingi cha mti, akakifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mtoto alipewa kazi ya kushika sahani ya sabuni na kutazama povu.

Shofere alifungua chupa. Kigingi kilitoka kama risasi, kikampiga mtoto katika jicho la kulia.

Nilipomwuliza ilikuwaje, alinijibu maneno ambayo siyasahau: «Dokta, ilikuwa hewa tu.»

Jicho lile halikuokoka, ingawa tulimpeleka hospitali kubwa siku ile ile. Tena nilipouliza ile chupa ilikuwa chupa gani, nikapata baridi mwilini. Ilikuwa oksijeni. Mtaona chini kwa nini watu wote wa lupango lile wangeweza kufa.

KWA NINI HEWA INAUMIZA

Mwindaji wa msitu wa Bafwasende anajua jambo hili kuliko sisi. Anapotega mtego, anapinda mti mchanga mpaka chini, anaufunga kwa kamba. Mti ule umetulia, hausemi neno. Lakini nguvu yote ya mikono yake imebaki ndani yake. Kamba ikiachia, mti unairudisha nguvu yote kwa mara moja.

Hewa iliyofungwa kwa nguvu ni mti uliopindwa. Tunapima nguvu yake kwa bar. Bar 1 ni kama uzito wa kilo 1 unaosukuma kila sentimeta mraba 1, yaani nafasi ndogo kama ukucha wa kidole. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami:

Kizibo chenye upana wa sentimeta 2 kina nafasi ya sentimeta mraba 3 na kidogo. Kwa bar 10 kinasukumwa kama kwa kilo 31. Kwa bar 20, kilo 63. Nani kati yetu angeshika kilo 63 kwa ukanda wa mpira wa baiskeli?

Wengine hujitengenezea tangi la hewa kwa chupa ya zamani ya gesi. Kitako chenye upana wa sentimeta 20, kwa bar 10, kinasukumwa kwa zaidi ya tani 3. Kama kutu imekula chuma kwa ndani, kitako kile kitaruka.

Maji hayafanyi hivyo. Ukiyasukuma kwa bar 10, hayapungui hata sehemu 1 kwa 2000. Hayakupindwa, basi hayana nguvu ya kurudisha. Chombo kilichojaa maji kikipasuka, kinatoa mchirizi mdogo na kutulia. Lakini chombo cha lita 2 kilichojaa hewa ya bar 10 kina nguvu kama mfuko wa saruji wa kilo 50 unaoanguka toka urefu wa mita 5. Ndiyo sababu viwandani matangi na chupa za gesi hupimwa uimara wake kwa maji.

Mtauliza: basi tujaze maji katika kondensa? Hapana. Ndani ya klimatizeri maji ni adui. Yakibaki humo yanaungana na gesi na mafuta, yanazaa asidi inayokula chuma, au yanaganda kuwa barafu na kuziba njia nyembamba. Kwa hiyo klimatizeri hutafutwa tundu kwa gesi kavu. Na kwa kuwa ni gesi, lazima iwe ya nguvu ndogo. Hilo ndilo shina la somo letu: KUTAFUTA TUNDU SI KUPIMA UIMARA. Tundu linaonekana kwa nguvu ndogo. Kazi ya nguvu kubwa iacheni kwenye garaji yenye vyombo vyake.

GESI TATU ZISIZORUHUSIWA KAMWE

1. Oksijeni. Watu hufikiri ni hewa safi tu. Si kweli. Ndani ya klimatizeri mmebaki mafuta ya kompresa. Oksijeni yenye nguvu ikikutana na mafuta inaweza kuwaka bila kiberiti na kulipua chombo kizima. Chupa iliyojaa ina bar 150, nyingine hata 200. Shofere wetu alipona kwa bahati, na bahati si chombo cha kazi.

2. Asetileni na gesi ya kupikia. Hizi ni moto uliofungwa. Cheche moja yatosha, au jiko la mama lililo upande wa pili wa ukuta.

3. Hewa ya kompresa juu ya gesi ya baridi iliyobaki ndani. Motokari nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990 hutumia gesi inayoitwa R134a. Peke yake, katika hewa ya kawaida, haiwaki kwa urahisi. Lakini ikichanganywa na hewa chini ya nguvu na joto, inaweza kuwaka. Kwa hiyo msisukume hewa katika klimatizeri ambayo haijaondolewa gesi yake.

Gesi inayofaa ni azoti kavu. Haiwaki, haileti maji. Msitegemee rangi ya chupa, maana rangi hubadilika toka nchi hata nchi, na chupa zetu zimepakwa rangi mara nyingi. Someni jina: AZOTE. Kama jina limefutika, chupa hiyo si yenu.

KWANZA TUMIENI MACHO

Kabla ya kuazima chupa yoyote, tazameni. Gesi ya klimatizeri huzunguka pamoja na mafuta kidogo. Inapotoka katika tundu, mafuta hutoka nayo, na vumbi linakamata juu ya mafuta. Tafuteni doa jeusi lenye unyevu katika maungio, katika mipira, na mbele ya kondensa ambako mawe ya njia hupiga. Mwenye kusafiri katika njia ya Bafwasende anajua mawe hayo. Mara nyingi doa hilo peke yake linaonyesha ugonjwa, na hamhitaji nguvu ya hewa hata kidogo.

Msitafute tundu kwa moto wala kwa kiberiti. Gesi hizi zikipita katika moto zinageuka kuwa sumu inayochoma mapafu.

NAMNA YA KUFANYA NYUMBANI

Kama doa halionekani, na kama mnavyo vyombo vyote ninavyovitaja hapa, fanyeni hivi. Kikikosekana kimoja, pelekeni chombo garajini.

1. Gesi iliyomo itolewe garajini kwa mashine ya kuikusanya. Msiifungulie hewani. Ikitoka ikiwa maji maji inaganda ngozi na macho: R134a huchemka kwenye baridi ya digrii 26 chini ya sifuri. Gesi ya zamani, R12, pia inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Kwa sababu hiyo mataifa yalipatana mjini Montreal mwaka 1987 kuipunguza.

2. Fanyeni kazi nje, kivulini, mbali na jiko. Si ndani ya nyumba, si katika shimo la garaji. Azoti inafukuza hewa ya kupumua, na gesi ya baridi ni nzito, inakaa chini kama hewa mbaya ya chini ya shimo mnayoijua kazini. Watoto na majirani wakae mbali. Asiitwe mtoto kushika kitu.

3. Vaeni miwani ya usalama na glavu. Miwani ya jua si miwani ya usalama.

4. Zibeni midomo ya chombo kwa vizibo vya chuma vyenye nyuzi zake na mpira wake. Msitumie mti, kitambaa, gundi wala ukanda wa mpira. Kama kizibo cha namna hiyo hakipo, kazi imesimama hapo.

5. Chupa isimame wima, ifungwe kwa mnyororo isianguke. Kichwani iwe na detandere, yaani kile chombo cha kupunguza nguvu, chenye manometa inayofanya kazi. Chupa bila detandere ina bar 150 na zaidi: hakuna kondensa inayoweza kuistahimili.

6. Legezeni kwanza skrubu ya detandere. Simameni ubavuni, si mbele yake. Fungueni chupa polepole.

7. Pandisheni mpaka bar 1 tu. Sikilizeni. Pakeni povu la sabuni katika vizibo na maungio. Kikivuja kizibo, toeni nguvu yote kwanza, ndipo mkikaze. Msikaze kamwe kitu chenye nguvu ndani yake.

8. Kama yote ni sawa, pandisheni mpaka bar 3. Msipite bar 5. Kwa nini 5? Siku ya joto la digrii 30, joto la kila siku kwetu Kisangani, motokari ikiwa imelala na injini imezimwa, R134a iliyo ndani ina nguvu ya bar 6 na nusu hivi. Basi kwa bar 5 hamkitendei chombo kizima neno kisilolizoea. Lakini chombo kilicholiwa na kutu au kilichopondeka kinaweza kupasuka hata kwa bar 5. Hicho msikipime. Kibadilisheni.

9. Fungeni chupa. Tumbukizeni chombo katika nusu ya pipa yenye maji, funikeni kwa ubao mzito, mwache nafasi ya kutazama toka upande. Msiinamishe uso juu yake. Mapovu yanayotoka mfululizo mahali pamoja ndiyo tundu. Mapovu machache yanayoachia na kuisha ni hewa iliyokamatwa nje tu. Maji hayo yako nje ya chombo, hayaingii ndani maadamu vizibo vimefungwa.

10. Kama hamna pipa, pakeni povu mahali pote na kungoja dakika 10, macho kwenye manometa. Jua likipiga chombo, sindano inapanda yenyewe; wingu likija, inashuka. Kwa hiyo nilisema kivulini.

11. Mkishaona tundu, toeni nguvu polepole mpaka manometa inasoma sifuri. Ndipo mfungue kizibo, na uso uwe pembeni. Kausheni nje kabla ya kufungua, na zibeni tena ili unyevu usiingie.

Msichomelee chombo chenye gesi au chenye nguvu ndani yake. Na chombo kile kidogo cha kukausha gesi, ambacho mafundi hukiita chupa, msikipime: kinabadilishwa kila mara klimatizeri inapofunguliwa.

AJALI IKITOKEA

Jicho lililopigwa. Msilisugue, msilikandamize, msitoe kitu kilichochoma ndani. Msitie maziwa ya mama, wala maji ya majani, wala dawa yoyote. Funikeni kwa kikombe safi kinachokaa juu ya mifupa bila kugusa jicho, fungeni kitambaa, mpelekeni hospitali mara moja akiwa ameketi. Yule mtoto wa Mangobo walimpaka majani kwanza, na saa moja ikapotea.

Jicho lililoingiwa na gesi ya baridi. Hili ni tofauti: osheni kwa maji safi ya vuguvugu, yakitiririka, dakika 15 kamili, kope zikifunguliwa. Ndipo hospitali.

Ngozi iliyoganda kwa gesi. Inageuka nyeupe na ngumu, haisikii kitu. Itieni katika maji ya vuguvugu, yale ambayo kiwiko cha mama kinayavumilia kama ya kumwoshea mtoto. Msisugue, msiweke karibu na moto, msipake mafuta. Nguo ikiwa imeganda juu ya ngozi, msiivute.

Hewa iliyoingia chini ya ngozi. Hapa wengi hukosea. Tundu ni dogo kama la sindano, damu ni kidogo, mtu anacheka na kuendelea na kazi. Baadaye mkono unavimba, na ukiugusa unasikia mchakato kama wa majani makavu. Msikamue, msikate. Ni jambo la hospitali siku ile ile, hata kama hakuna maumivu. Kwa sababu hiyo nawaomba vijana wa nyundo za hewa: msijipulize vumbi la nguo kwa mpira wa kompresa, na msimpulize mwenzenu kwa mchezo, hasa masikioni au nyuma. Hewa hiyo inapasua ngoma ya sikio, na inaweza kupasua matumbo. Mchezo huo umekwisha kuua watu katika nchi nyingi.

Mtu aliyeanguka kwa gesi. Msimfuate shimoni mkishika pumzi. Mwiteni kwa sauti, ingizeni hewa, mvuteni kwa kamba kama inawezekana. Akiwa nje, alale, atulie, asitembee, maana gesi hizi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Asipopumua, mwenye kujua ampulizie pumzi mdomoni, na mwingine aite msaada.

NENO KWA AKINA MAMA

Mama, wewe hujui kondensa, lakini macho yako yanaona. Ukiona chupa ya chuma imeletwa lupangoni, uliza maneno matatu tu: «Papa, chupa hii imeandikwa nini? Kizibo ni cha chuma? Watoto wako wapi?» Baba asikasirike. Kazini anaulizwa hivyo hivyo na msimamizi wake, na anajibu.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja jioni, mtoto mmoja aulize, wengine wajibu.

1. Kwa nini kizibo cha mti hakifai? (Kwa bar 10 kizibo cha sentimeta 2 kinasukumwa kwa kilo 31.)
2. Gesi gani inafaa, na gesi gani inaweza kulipuka ikigusana na mafuta? (Azoti inafaa, oksijeni inalipuka.)
3. Nyumbani tusipite bar ngapi? (Bar 5, na chombo kibovu kisipimwe hata kidogo.)
4. Lini tunaosha jicho, lini hatuliguzi? (Tunaosha likiingiwa na gesi, hatuliguzi likichomwa na kitu.)

Watu husema ajali haina kinga. Mimi, kwa miaka yangu ya dispensari, siwezi kukubali. Ajali ya Mangobo ilikuwa na kinga tatu: kusoma jina la chupa, kizibo cha chuma, na mtoto kutumwa kucheza mbali. Hata moja haikugharimu zaidi ya klimatizeri yenyewe.

Yule mtoto sasa anasoma sekondari. Ameketishwa dawati la mbele, upande wa kulia wa darasa, ili jicho lake moja lione ubao wote. Shemeji yake ndiye aliyeniomba niandike somo hili. Aliniambia: «Dokta, andika kwamba si hewa tu.»

Nimeandika.